Mlinzi Anayenyonyesha

Kwa miaka sita nilikuwa na chumba kimoja cha duka la uchapaji, mtaa wa Nyawera, chenye kompyuta mbili, mashine ya fotokopi, kiti cha wateja na mimi mwenyewe. Nilikuwa nimeacha masomo ya sheria mwaka wa pili baba alipofariki, na ndugu zangu, ambao wote ni watu wa ofisi, walisema nimejishusha. Waache waseme. Profesa huiona sheria ikiwa imekwisha vaa suti. Mimi niliiona ikiletwa dukani ndani ya mfuko wa plastiki, imelowa mvua, imeandikwa na mtu mwenye haraka ya kwenda kula.

Hatua chache kutoka kwangu kulikuwa na kituo kidogo cha polisi, na sitakitaja, kwa maana hakistahili hata kutukanwa kwa jina. Hakikuwa na mashine ya kuchapa. Hakikuwa na karatasi. Mtu akikamatwa, ndugu zake walitumwa kwanza wakanunue karatasi ambazo ataandikiwa makosa yake, na kalamu juu. Mbuzi anatumwa kununua kisu, na wote walioko pale wanaona ni jambo la kawaida.

Afisa wa upelelezi wa kituo hicho, OPJ kama tunavyowaita, alikuwa mwanaume wa viatu vilivyochongoka, mwenye kalamu tatu kwenye mfuko wa shati. Mbili hazikuwa na wino. Siku moja aliniletea PV, yaani maandishi ya mahojiano ya mshukiwa, iliyoandikwa kwa mkono wake.

"Maman, unitapie hii bien propre," akasema, yaani niichape safi kabisa. "Kila siku kuandika maneno moja tu, mukono inachoka."

Alitaka iwe mfano wa kuchapwa kwa wingi, ili kila mshukiwa ajaziwe nafasi tu. PV hiyo ilikuwa ya mwanamke mmoja aliyegombana na mwenzake sokoni. OPJ alikuwa amepiga mistari myekundu juu ya jina, umri na kijiji, kwamba hapo niweke nukta. Lakini sehemu ya haki hakuigusa. Pale, kwa Kifaransa chake cha kuchechemea, ilisemwa kwamba mshukiwa amejulishwa sababu ya kukamatwa kwake, na haki yake ya kunyamaza, na haki ya kuwa na avoka, yaani wakili, tangu dakika ya kwanza kama Katiba inavyotaka. Likafuata jibu: kwamba ameelewa yote, na kwamba hahitaji avoka kwa kuwa ananyonyesha na anataka kurudi kwa mtoto wake.

Nilichapa yote. Sitajitetea. Umeme ulikuwa umekuja asubuhi hiyo na nilijua hautakaa, vidole vilikuwa vinakimbia, na akili yangu yote ilikuwa kwenye Kifaransa cha yule bwana. Nilimrekebishia makosa matatu ya maandishi, nikajiona msomi. Jibu la mtu ambaye bado hajakamatwa, hajaulizwa, pengine yuko nyumbani anakula bugali wake kwa amani, nililipanga vizuri katikati ya ukurasa. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo, nikaweka jina la duka langu na mahali lilipo, kwa sababu tangazo halidhuru.

OPJ alisoma juu juu, akasema ni muzuri sana. Tukatoa nakala mia tano. Zilipokwisha, tukatoa nyingine mia tano.

Kwa miaka miwili karatasi ile ilitembea. OPJ aliijaza, mkubwa wake aliigonga muhuri, watu wa parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, waliipokea na kutia sahihi pembeni, mahakimu waliiweka mbele yao na kuhukumu. Wanaume wenye ndevu, wapakizi wa soko, madereva wa moto, zile pikipiki za abiria, wote walikataa avoka kwa kuwa walikuwa wananyonyesha. Hakuna hata mmoja kati ya wasomi wale, wenye diploma zilizotundikwa ukutani kwenye fremu, aliyesoma mstari huo. Wala mimi. Mahali hapo kila mtu alijua kwamba sehemu ya haki za mshukiwa ndiyo sehemu ya kuruka.

Kwenye nyumba ile ya ghorofa ambamo nilipanga chumba, kulikuwa na mlinzi, mzee wa karibu miaka sitini kutoka Nyantende. Alilinda usiku, na asubuhi kabla hajaanza safari ya kurudi kwake kwa miguu alipita kunisalimia. Kwenye kamba shingoni alivaa ufunguo. Ulikuwa ufunguo wa kapela, kanisa dogo la shirika lao, yaani jumuiya ya Wakatoliki wa kijiji chake. Alikuwa amekabidhiwa miaka kumi na minne kabla, na aliniambia hivyo mara nyingi, kwa fahari ambayo mimi, kwa ujinga wangu wa mjini, niliiona ni ya kuchekesha. Kulima shamba dogo alilima kila mtu Nyantende. Kukabidhiwa ufunguo alikabidhiwa yeye.

Asubuhi moja daktari wa meno wa ghorofa ya juu alikuta betri zake mbili za sola hazipo. Kufuli halikuvunjwa. Mlango ulikuwa na funguo tatu: mmoja wa daktari, mmoja wa mwenye nyumba, na mmoja wa mkwe wa mwenye nyumba, kijana aliyependa kubadilisha simu. Polisi wakaja, wakatazama kufuli zima, wakafikiri, wakamkamata mtu pekee asiyekuwa na ufunguo. Mnyonge hana haki, na mnyonge mwenye koti lililochanika hana hata swali. Ule wa kapela wakamvua shingoni na kuuchukua kama ushahidi, ingawa ulikuwa mkubwa mara mbili ya tundu la mlango wa daktari. Niliwaona wakiujaribu. Ulipokataa kuingia, waliuandika hivyo hivyo.

Katiba inasema mtu asishikwe kituoni zaidi ya saa arobaini na nane. Alikaa siku tano. Mimi na mke wake tulipeleka chakula, na kila siku OPJ alitujibu kwamba uchunguzi unaendelea, huku amekaa kwenye benchi nje ya kituo akijisafisha masikio. Yaliyotokea ndani nilisimuliwa baadaye na mzee mwenyewe. Siku nne za kwanza waliuliza swali moja: betri ziko wapi? Alijibu hajui. Hawakuandika kitu, kwa kuwa jibu hilo halikuwa na faida kwao. Siku ya tano OPJ alijaza kurasa mbili za ule mfano wetu bila kumuuliza neno, kwa Kifaransa, lugha ambayo mzee hajui isipokuwa bonjour. Akazigeuza upande wa mzee.

"Utie kidole hapa, papa, urudi kwako."

Akatia kidole. Chini ya alama ya kidole chake imechapwa, kwa herufi zangu nzuri, kwamba baada ya kusomewa maneno yake kwa lugha anayoielewa, anayashikilia na kutia sahihi. Tarehe ya kukamatwa waliiandika ya siku hiyo hiyo. Kutoka pale walimpeleka parke, na kutoka parke gerezani.

Nyantende habari hazichelewi. Wazee wa shirika walikutana Jumapili baada ya sala, wakabadilisha kufuli la kapela, na ufunguo mpya wakampa mwingine. Mke wake alikuwepo. Alipouliza, wakamjibu kwa upole, na upole wa namna hiyo ndio unaoua: "Alete karatasi ya tribunal yenye inasema hakuiba, tutamurudishia."

Nilipomtembelea gerezani hakuniuliza habari ya kutoka. Alikuwa amekonda, anakohoa, analala ameketi kwa kukosa nafasi, na bado neno lake lilikuwa moja.

"Maman, wewe unajua mambo ya makaratasi. Uwaambie baandike kama miye sikuiba. Ile tu."

Nikamwambia nitafanya. Nilijua ninasema ili niondoke.

Alipewa avoka wa bure, msichana aliyekuwa bado katika mafunzo, mwenye joho la kuazima lililomfika kwenye visigino. Nilimdharau nilipomwona. Nilikuwa nimeona majoho mengi mno yakipita mbele ya duka langu, yakiwa yamechakaa kwenye viwiko na ndani hamna kitu. Alikuja kufanya fotokopi ya faili. Niliiweka PV juu ya kioo cha mashine, uso juu, kwa makosa, na kabla sijaigeuza macho yangu yakaangukia mstari wa katikati.

Nikausoma. Nikasoma tena jina: la mzee. Umri: wake. Halafu jibu: hahitaji avoka kwa kuwa ananyonyesha. Na chini, jina la duka langu.

Niligeuza karatasi, nikabonyeza, nikampa nakala zake, nikamtakia siku njema. Ndiyo, nilinyamaza. Kituo na mahakama ndio waliokuwa wateja wangu wakubwa. Tangu siku hiyo nikimdharau mtu huwa ninakumbuka kwamba mimi mwenyewe nimo kwenye foleni, tena karibu na mbele.

Siku tatu baadaye msichana alirudi. Alikuwa ameisoma. Zaidi ya hapo, alikuwa ameingia kwenye chumba cha kuhifadhi mafaili mahakamani, akakaa mchana kutwa kwenye vumbi, akatoka na PV nyingine kumi na tisa. Alizipanga juu ya meza yangu moja moja. Mpakizi, ananyonyesha. Mwanajeshi wa zamani, ananyonyesha. Mpishi wa mapadri, ananyonyesha.

"Maman, ni weye ulitapa hii?"

Ningekana vipi, na tangazo langu liko chini ya kila ukurasa?

"Ni mimi."

"Utakuya kusema ile mbele ya juge?"

Nilimwambia nitafikiri. Jioni hiyo hiyo OPJ alipita, bila karatasi yoyote mkononi. Sijui nani alimwambia. Katika mji huu kuta zina jamaa. Aliegemea mlango, akanitazama kwa huruma.

"Maman, wewe uko mutu yetu. Usiingie mu mambo ya bale baavoka. Kesho batakuacha."

Kama angenitukana, pengine ningeogopa. Lakini kuitwa mtu wao! Nilitazama viatu vyake vilivyochongoka na zile kalamu tatu, nikaona kweli, kwa miaka miwili nimekuwa mtu wao. Kesho yake nilimpigia msichana simu.

Siku ya kesi mwakilishi wa serikali alisimama kwanza. Alisema mshukiwa alijulishwa haki zake zote, kwamba alikataa avoka kwa hiari, kwa maneno yake mwenyewe, yaliyochukuliwa mdomoni mwake. Alisema hivyo akiwa ameshika karatasi yenyewe mkononi. Angeishusha macho mara moja tu! Hakuishusha.

Msichana akamwomba hakimu awasomee watu maneno hayo ya hiari.

Hakimu akasoma kwa sauti. Alipofika mahali pale, sauti ikapungua, ikasimama. Aliinua macho akamtazama mzee, suti ya marehemu kaka yake aliyoletewa na mke wake, mifupa ya shingo, ndevu nyeupe. Nyuma mtu mmoja akacheka, kisha benchi lake zima, kisha hata polisi wa mlangoni. Mzee alicheka kidogo pia, kwa adabu, kwa kuwa wengine walicheka. Hakujua wanacheka nini. Hilo liliniuma kuliko yote.

Mwakilishi wa serikali alisema ni kosa dogo la uchapaji. Ndipo nilipoitwa. Nilisema nani aliniletea mfano, lini, ni nakala ngapi tulitoa, na kwamba mzee tulimpelekea chakula kituoni siku tano, hata kama karatasi inasema moja. Hakimu aliniuliza kama nina hakika kwamba jibu lilichapwa miaka miwili kabla mshukiwa hajakamatwa. Nikasema nina hakika, na kwamba ninalo bado kwenye kompyuta, akitaka nitamletea. Msichana akazitoa zile kumi na tisa. Hakimu alizipokea, akazifungua, na kwenye ya nne nikaona mkono wake umesimama. Watatu kati ya wale alikuwa amewahukumu yeye, kwa karatasi hiyo hiyo, na sahihi yake ilikuwa nyuma. Kesi ya nyani kumpelekea ngedere. Alizifunga polepole na hakucheka tena siku hiyo.

Hukumu ilikuja mzee akiwa na miezi saba gerezani. Ilisomwa kwa Kifaransa, haraka haraka, na hakimu aliyekuwa kama anajisomea mwenyewe. Haki ya avoka si pambo, ilisema. Jibu lililochapwa kabla ya swali si jibu. Mtu hawezi kukataa haki ambayo hakuambiwa kwa lugha anayoielewa. Saa arobaini na nane zilipitwa. Kwa hiyo PV ile itupwe, pamoja na yote yaliyotoka ndani yake, na kwa kuwa bila PV hakuna kilichobaki, mshukiwa aachiliwe.

Msichana alinikumbatia na joho lake lote. Ninakiri nililia. Kwa wiki moja maavoka walipita dukani kutaka nakala ya hukumu ile, wakiiita PV ya kunyonyesha, wakicheka na kupigana mabega. Wakubwa ambao hawakumsaidia yule msichana hata kubeba faili walikuwa sasa wanaieleza kama vile wao ndio waliokaa kwenye vumbi. Wale wengine kumi na tisa hakuna aliyewarudia. Nilimwuliza mmoja wa wakubwa hao. Alinijibu kwamba kila kesi ina njia yake, akatazama saa.

OPJ naye alikuja. Nilidhani amekuja kunitisha. Wapi! Aliweka karatasi mezani, ile ile.

"Maman, banasema iko na makosa. Utoe tu ile neno ya kunyonyesha."

"Na jibu lote lingine?"

"Lingine iko bien."

Hilo ndilo alilolielewa katika hukumu nzima. Kurasa saba za haki za binadamu zilipita ndani ya kichwa kile na zikatoka upande wa pili na neno moja la kufuta. Nilimfukuza kwa maneno ambayo mama yangu hakunifundisha. Alivuka barabara, akaingia kwa jirani yangu mwenye mashine mpya. Sikuwa nimemaliza kunywa chai yangu alipotoka na bunda la nakala chini ya kwapa.

Mzee hakurudi kazini. Mwenye nyumba alikuwa ameweka mlinzi mwingine. Niliambiwa kwamba Nyantende watu wanamwita baba anayenyonyesha, kwa kuwa mzaha ule ulifika huko kabla yake. Nilitegemea atakuja kunishukuru. Ndiyo, nilingoja shukrani, mimi.

Alikuja Jumatatu moja asubuhi, amevaa ile suti, amebeba nakala ya hukumu yenye muhuri ndani ya bahasha. Mke wake alikuwa pamoja naye. Hawakukaa. Alisema wazee wa shirika wameiona karatasi lakini hawajui Kifaransa, na katekista anayejua kidogo ameipitia, ameirudisha bila neno. Basi amekuja kwangu nimwonyeshe mahali penyewe, akapawekee alama kwa kalamu, wazee wapaone.

"Ni fasi gani banaandika kama miye sikuiba?"

Nilianza kumweleza. Nikamwambia kwamba ameachiliwa, kwamba PV imetupwa, kwamba kesi imekwisha na ameshinda, na kwamba hukumu yake inatajwa na maavoka wa mji mzima.

"Nyiye ndiyo mulishinda," akasema, bila hasira. "Miye nauliza ile fasi."

Nikaichukua hukumu. Nikaisoma yote, mstari kwa mstari, nikimgeuzia kwa Kiswahili, kurasa saba, na yeye amesimama ameinamisha kichwa kama kanisani. Haki ilikuwepo, lugha ilikuwepo, saa arobaini na nane zilikuwepo. Nilipofika kwenye muhuri niligeuza ukurasa; nyuma hapakuwa na kitu. Mke wake alikuwa anatazama nje, barabarani.

"Haiko," nikamwambia. "Papa, hawakuandika."

Akaichukua karatasi mikononi mwangu, akazipanga kurasa tena, ile ya kwanza juu, akanirudishia.

"Anza tena ku mwanzo, maman. Pengine uliruka."

Nikaanza tena mwanzo.